Jina Lililosagwa na Wimbi

Mke wangu Nyamusi hakuniita kwa jina hata siku moja. Miaka yote ile. Kwetu mke hamwiti mumewe jina lake. Aliniita Baba Ogari, na kabla Ogari hajazaliwa aliniita wewe, au alikohoa. Kikohozi chake nilikijua kati ya vikohozi vyote vya soko la Keroka.

Amekufa mwaka huu, wimbi ikiwa bado shambani. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaenda. Walisema alikuwa mwanamke mtaratibu. Ni kweli. Lakini habari ya kasuku hawakuigusa, maana ina haya ndani yake. Basi nitaisema mimi, mwenye jina.

Nyamusi alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mwanamume. Mwaka wa nzige, wakati kila kitu cha kijani kililiwa, alishuka mtoni akachagua jiwe la kusagia, akapanda nalo mlima peke yake. Nilimwuliza atasaga nini na shamba ni tupu. Akasema nzige wataondoka. Wakaondoka. Jiwe likabaki.

Kila mwanamke ana mwendo wake wa kusaga, kama alivyo na mwendo wake wa kutembea. Yeye alipiga magoti, akasukuma mara mbili ndefu, mara moja fupi, kisha akavuta pumzi kwa meno. Mbili ndefu, moja fupi, pumzi. Nikiwa bado chini barabarani nikirudi safari, nilisikia jiwe hilo nikajua yuko, na ni mzima.

Safari zangu zilikuwa za ng'ombe. Nilimswagia ng'ombe Gulled, Msomali mwenye duka pale Keroka. Tuliwanunua Nyamira, tuliwanunua Kisii, tukawapeleka hadi Kericho na mara nyingine mbele ya hapo. Wiki mbili, wiki tatu, mvua ikinyesha hata mwezi. Kiswahili nilikiokota njiani, nyuma ya mikia ya ng'ombe. Shule sikuiona. Herufi zilinijia uzeeni, wakati Esnah, mke wa mwanangu, alipokuwa akiwafundisha watoto wake kwa mkaa juu ya ubao ukumbini mwake, nami nimekaa mbali kwenye uzio nikitazama kama mtu asiyetazama.

Kasuku alitoka kwa Luul, mke wa Gulled. Luul alijifungua mtoto wake Aden akashikwa na homa, na mimi na mumewe tuko Kericho. Nyamusi akapata habari sokoni. Siku arobaini alimpelekea uji wa wimbi, asubuhi na mapema, kisha akarudi kulima. Hawakuwa na lugha moja. Luul alijua Kisomali na Kiswahili, Nyamusi alijua Ekegusii, lugha yetu, peke yake. Sijui walizungumza nini. Nilipouliza, Nyamusi alisema walizungumza vizuri.

Siku arobaini zilipokwisha, Luul akampa ndege yule, na tundu lake la waya. Askari mmoja Mnubi alikuwa amemleta kutoka Kongo akiwa kinda. Rangi yake ya majivu, mkia mwekundu kama kaa. Kwetu hakuna ndege kama huyo, na wengine walikataa kupita karibu na nyumba yetu. Walisema kitu chenye mdomo wa ndege na sauti ya mtu si kitu cha kufugwa. Nyamusi alimning'iniza karibu na jiwe lake, akawa anamtupia mahindi mabichi.

Ndege alikuja na Kisomali chake. Alikohoa kama Gulled. Aliposikia kikombe kikigonga, alisema karibu, karibu, kama wanavyosema dukani. Baada ya miezi alianza kubweka kama mbwa wetu, kisha akawa anamwita mbwa, na mbwa anakuja, na hakuna aliyemwita. Nyamusi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nikimkuta ndege na neno jipya kila nikirudi safari, kama mtoto. Lakini mbele yangu hakusema mengi. Alinitazama kwa jicho moja, akanyamaza. Nilidhani hanipendi.

Mwaka vita vya Hitla vilipokwisha, kwenye mteremko wenye tope upande wa Kericho, fahali alinisukuma na mguu wangu ukavunjika mahali pawili. Nilibebwa. Mfupa uliungana vibaya, na safari zikaisha hapo. Nikarudi nyumbani kukaa.

Wiki ile niliyorudi, Nyamusi alimtoa kasuku nyumbani mwake akampa Esnah.

Esnah alikuwa ameolewa na Ogari wetu miezi michache tu. Ametoka Nyanchwa, kwa watu wa misheni, amesoma, anaimba nyimbo za Sabato akifagia. Ogari alikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu huko Nyansiongo, akija nyumbani mwisho wa juma. Nyamusi alisema msichana yuko peke yake mno, ndege atamchangamsha. Watu wakamsifu kwa ukarimu. Nami nikamsifu.

Sasa mtu asiye wa kwetu aelewe jambo moja. Tuna kitu kinachoitwa chinsoni. Si uadui. Ni heshima iliyochanganywa na haya. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ya mawe inyeshe. Hampi mkono mke wa mwanawe. Naye mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe. Hatamki hata akiulizwa. Ataniita Tata, yaani baba, basi. Na ndugu zangu pia ni baba wa Ogari, mwiko ni mmoja.

Ndugu yangu mkubwa Momanyi alikuja asubuhi moja kuzungumza habari ya uzio. Njia yake ilipita nyuma ya nyumba ya Ogari. Akasikia sauti ya mwanamke ndani, polepole.

"Nyamweya. Nyamweya, ee."

Akasimama. Ikasema tena. Kuingia hawezi, kuchungulia hawezi. Akaja kwangu, na kigoda nilichompa hakukikalia. Alinieleza akitazama miti. Alisema angesikia tusi lingekuwa afadhali, lakini msichana alikuwa anachezea jina langu mdomoni kama mtu anayeita mbuzi wake.

Esnah aliitwa. Alikuja akipanda kutoka mtoni, mtungi wa maji kichwani, mimba yake ikianza kuonekana. Alisema hakuwa nyumbani, na mtungi ulionyesha hivyo. Basi akasema ni ndege. Nilishusha pumzi. Nilidhani mambo yamekwisha.

Momanyi alifikiri kidogo.

"Basi ni vibaya zaidi," akasema. "Neno lililosemwa mara moja ni ulimi umeteleza. Ndege husema alichosikia kila siku."

Ndege anakaa nyumbani kwa Esnah. Anasema kwa sauti ya mwanamke. Nyumba hiyo ina mwanamke mmoja. Kwamba Nyamusi, mtaratibu yule, angetamka jina la mumewe, hakuna aliyewaza.

Wazee wakakaa. Walisema Esnah akiri, mbuzi achinjwe, asafishwe, na jambo lisahauliwe. Walimwonea huruma, siwezi kusema uongo. Lakini asipokiri hawezi kukaa, maana atakuwa na mdomo usio na mpaka, na mtoto anakuja. Walimpa hadi siku ya soko la Keroka, juma lijalo. Akikataa, arudi Nyanchwa kwa baba yake.

Esnah alisimama mbali, akiangalia chini kama inavyotakiwa. Alisema kidogo tu.

"Tata, siwezi kuungama nisichofanya. Nikiungama nitakuwa nimewadanganya ninyi na Mungu pamoja."

Wazee wakasema hiyo ndiyo elimu ya Nyanchwa. Ogari aliporudi kutoka Nyansiongo hakula. Aliniambia atafuata wazee. Alisema hivyo kama mtu anayemeza dawa.

Nyamusi siku ile alikaa mlangoni kwake, mikono mapajani. Hakusema neno. Nilidhani anamlilia mkaza mwana wake, maana walipendana wale.

Mimi nilikuwa na wazo. Jina langu lilikuwa linaitwa kila siku kule dukani. Ndege alikaa huko kabla ya kuja kwetu. Je, hakulitoa huko? Nilichukua fimbo nikashuka Keroka. Mguu ulichukua asubuhi nzima.

Luul alinipa chai, akanisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mama wa watoto wanne wakati huo, mnene, mwenye kicheko cha chini chini.

"Analisemaje?" akauliza. "Kwa ukali?"

Nikasema hapana, kwa upole. Polepole.

"Basi si kwetu, Baba Ogari. Mume wangu hajasema kitu kwa upole tangu nimjue."

Kutoka ndani nikamsikia Gulled akikohoa. Luul hakujali. Nilimwambia kwamba ndege ni ndege, hushika lolote. Akatikisa kichwa. Alisema watu hudhani kasuku ni kama mfuko, ukitupa neno linabaki. Dukani kwake watu walisema maneno tangu alfajiri, na mengi hayakumgusa. Hushika neno lililosemwa karibu na uso wake, na lenye moyo. Akilipenda hulijaribu jioni, kwa sauti ndogo, amefunga macho nusu, analikosea na kulirudia kama mwanafunzi. Siku likiwa tayari, ndipo hulisema kwa nguvu.

"Kwa nini lakini?" nikauliza. "Ndege ana faida gani na maneno yetu?"

Aliniongeza chai kwanza. Alisema yule askari Mnubi alimweleza. Huko kwao msituni wanakwenda wengi pamoja. Mmoja akipotea nyuma ya miti, mwenzake humwita, naye huitikia, na hivyo hawatawanyiki. Ukimkamata mdogo, hana wenzake tena.

"Basi ninyi ndio wenzake. Anatafuta sauti mnayoitana nayo, ili asibaki nje. Jina lako hajui kama ni jina, Baba Ogari. Anajua sauti hii hutoka mtu fulani akiwa hayupo, na anatakiwa."

Nikawaza habari hiyo. Mimi pia niliingia kati ya Wasomali na Wakipsigis na Wanubi sijui neno. Nilichukua kwanza neno la kuita, kisha neno la kuitikia. Mengine yalifuata.

Nilipoinuka, Luul akasema jambo moja zaidi. Alisema kasuku hasemi ovyo. Kikombe kikigonga, anasema karibu, kwa sababu ndivyo alivyosikia vikiwa pamoja.

"Usisikilize anachosema. Sikiliza kabla hajasema. Kuna kazi gani inafanyika?"

Siku tatu nilikaa kwenye uzio, nyuma ya nyumba ya Ogari, nikijifanya nakarabati. Ndani sikuingia. Nilisikia ndege akibweka. Nilisikia akipiga mluzi wa wimbo wa Sabato, na Esnah akiumalizia bila furaha. Jina halikuja. Esnah alipika, alifagia, alipeleka mahindi kwenye kinu cha maji kule mtoni. Yeye hakuwahi kusaga kwa jiwe, wasichana wa Nyanchwa mikono yao ilikuwa ya kalamu. Jina halikuja.

Siku ya tatu, alasiri, Nyamusi alipiga magoti nyumbani kwake ng'ambo ya ua akaanza kusaga. Alikuwa hajasaga tangu wazee wakae. Mbili ndefu, moja fupi, pumzi.

Na ndani ya nyumba ya Esnah, ndege akavuta pumzi kwa meno. Pumzi ile ile. Kisha akasema.

"Nyamweya. Nyamweya, ee."

Nilibaki nimeshika kamba ya uzio. Sijui nilikaa muda gani. Esnah alikuwa mtoni. Hakukuwa na mtu mwingine aliyesikia. Nikakumbuka wiki niliyorudi na mguu, na jinsi tundu lilivyovuka ua siku mbili baadaye. Si ukarimu ule. Au si ukarimu peke yake.

Nikavuka ua. Nyumba ya mke wangu naweza kuingia. Nikasimama mlangoni hadi aliposimamisha jiwe.

"Mama Ogari. Ni wewe."

Hakuinua uso. Alikusanya unga kwa kiganja, akausogeza.

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu safari ya kwanza baada ya Luul kunipa ndege. Nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa nasaga, nikalisema, nijue likoje mdomoni."

"Likawaje?"

"Refu," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini kazi ilipungua nikilisema. Nikawa nasaga nalo. Kulikuwa na ndege tu, sikujua ananisikiliza mimi."

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza siku ile wazee walipokaa, na msichana anahukumiwa kwa ajili yake. Hapo akajipangusa unga mikononi. Alisema mama yangu alimwonya alipoolewa. Mama alikuwa na maneno yake. Alisema mtu aliye njiani haitwi jina, akiitwa hugeuka nyuma, na mwenye kugeuka huanguka.

"Nilikuita miaka minane," akasema. "Ukaanguka. Ningewaambia nini? Kwamba mguu huo nimeuvunja mimi?"

Basi hilo ndilo alilokuwa amelibeba, kuanzia siku niliposhushwa ukumbini nikiwa kwenye machela ya matawi. Alinikanda mguu ule kwa samli kila siku. Nilidhani ni kazi ya mke.

Nikakaa chini, mguu umenyooka.

"Sikugeuka," nikamwambia. "Fahali alitoka ubavuni. Nilikuwa natazama mbele."

"Una hakika?"

"Mguu ni wangu. Nilikuwepo."

Akanitazama, mara ya kwanza tangu niingie. Sijui kama alicheka au alilia, ilikuwa kitu kidogo tu puani. Nikamwambia nitazungumza na Momanyi mimi mwenyewe, wanaume kwa wanaume, bila yeye kuaibika. Akasema niache. Akarudia kusaga, na ng'ambo ya ua sauti ikaita, nasi wote wawili tukajifanya hatukusikia.

Siku ya soko ilifika. Wazee wakakaa uani. Esnah alikuwa amefunga nguo zake kwenye kanga, mzigo uko kizingitini, naye amesimama kando, mkono tumboni. Ogari alikuwa ameketi na uso kati ya magoti. Momanyi alianza kuuliza mara ya mwisho kama msichana atakiri.

Nyamusi akatoka nyumbani mwake na jiwe kichwani.

Lile jiwe la mwaka wa nzige. Alikuwa mwanamke wa makamo sasa, shingo imezama, hatua ndogo ndogo. Ogari aliinuka kumsaidia, akamkwepa. Akalitua katikati ya wanaume. Akarudi, akaja na jiwe dogo na kikapu cha wimbi. Akapiga magoti.

"Mama Ogari," Momanyi akasema, "sisi tumekaa shauri, wewe umekuja kusaga?"

"Mtahitaji unga," akasema.

Mmoja akacheka, akaacha. Nyamusi akasaga. Mbili ndefu, moja fupi, pumzi. Ndege akanyamaza. Watu walikuwa wengi, na ndege yule alikuwa na haya kama mtu. Nyamusi akaendelea. Jasho likamtoka kwenye nyusi likaangukia unga. Wazee wakatazamana. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa ndege atanyamaza mpaka jua litue, na mke wangu ataonekana mwenda wazimu, na Esnah ataondoka vilevile. Nikataka kusimama niseme. Nyamusi akakohoa kile kikohozi chake, nikakaa.

Ndipo ikaja kutoka ndani. Kwanza pumzi. Kisha mkwaruzo wa jiwe, ndege akilifuata jiwe. Kisha jina.

"Nyamweya. Nyamweya, ee."

Esnah alikuwa amesimama pale nje mbele ya macho ya wote, midomo imefungwa. Jiwe lilipokwenda, ndege aliita. Jiwe liliposimama, alinyamaza. Nyamusi akasaga tena, ndege akaita tena. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nani alimfundisha.

Lakini si hilo lililowanyamazisha. Ni namna jina lilivyosemwa. Wote walikuwa wanaume waliozoea safari. Walisikia kwamba halikuwa tusi wala mchezo. Lilikuwa linaita mtu aliyechelewa, na mwitaji hana hakika kama atakuja. Kila mzee akawa anatazama ardhi mbele ya miguu yake. Nami nilitazama yangu. Ilikuwa kama sijawahi kulisikia jina langu mwenyewe.

Momanyi ndiye aliyesema kwanza.

"Nimeoa wanawake watatu," akasema. "Sijui kama kuna aliyewahi kuniita."

Kisha akajirudi, akawa mzee wa ukoo tena. Akasema mke ametaja jina la mume, ni kosa dogo, mbuzi atachinjwa, na unga umekwisha kupatikana. Kwa Esnah hawezi kusema neno uso kwa uso, basi aliusemesha uzio. Alisema aliyefunga mzigo aufungue, na kwamba yeye Momanyi alisikia vizuri lakini akaelewa vibaya, na hilo pia lina mbuzi wake, ataleta.

Nyamusi aliinuka kwa taabu, unga hadi viwikoni. Alimwendea Esnah.

"Mwanangu, nilikuacha siku sita."

Esnah alimfuta jasho kwa ncha ya leso. "Hukungoja ya saba," akasema. Basi wakaingia ndani kuufungua mzigo pamoja, na sisi tukabaki nje tukitafuta kisu cha mbuzi.

Kasuku alibaki kwa Esnah. Watoto walizaliwa, akajifunza vilio vyao, mpaka Esnah akawa anakimbilia mtoto aliyelala. Nyamusi hakuacha kusaga, ingawa kila mtu sasa alipeleka nafaka kinuni. Hakuwahi kuniita kwa jina, hata baada ya siku ile. Baba Ogari, au kikohozi. Na mimi sikumwomba.

Ila asubuhi moja, mwaka huo huo, alikuwa anasaga, ndege akaita kutoka ng'ambo, nami niko kwenye uzio wangu. Nikakumbuka maneno ya Luul, kwamba akiita anataka kuitikiwa.

"Ee," nikasema.

Jiwe likasimama. Nilisubiri. Kisha likaendelea, mbili ndefu, moja fupi. Ndege akaita tena, nikaitika tena. Tuliishi hivyo zaidi ya miaka kumi. Yeye alisaga, ndege aliita, mimi niliitika, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Wageni walidhani nazungumza na ndege.

Tangu tumzike, kasuku hajaita. Si kwamba anajua, ingawa Esnah husema anajua. Ni kwamba hakuna jiwe. Anabweka, anakohoa kama Gulled ambaye naye amekwisha kufa, anapiga mluzi. Jina halina kazi ya kulitangulia.

Sabato iliyopita walikwenda kanisani wote. Nilibaki na mguu. Wimbi mpya ilikuwa imevunwa, kikapu kiko mlangoni kwa Nyamusi, jiwe mahali pake. Mwanamume wa kwetu hasagi. Nilitazama njiani, hakuna mtu. Nikapiga magoti kadiri mguu ulivyokubali.

Nilisaga vibaya. Wimbi iliruka. Nilisukuma fupi mahali pa ndefu, nikaanza upya. Nilikuwa nimesikia mwendo ule maisha yangu yote, mikono yangu haikuujua. Nikafunga macho nikafanya kama ndege, nikakosea, nikarudia. Mbili ndefu. Moja fupi. Nilisahau pumzi, nikaitia.

Sauti ya ndege ikaja, dhaifu kidogo, kama mtu anayejaribu kitu alichokiweka.

Nikaitika. Niliitika nikasaga, nikaitika, mpaka niliposikia sauti za watu wakirudi bondeni, nikainuka nikajipangusa magoti.

Jioni Esnah aliniletea uji. Aliuweka kwenye kigoda kama anavyouweka siku zote, akarudi nyuma hatua tatu, macho chini. Nikanywa. Ulikuwa na chenga za wimbi nzima na mchanga wa jiwe.

"Tata," akasema, "unga huu nimeukuta kwa Mama. Umesagwa na mkono mgeni."

Nikasema ndiyo, ninaona.

Alisimama kidogo. "Nikitumia wote," akasema, "wimbi iliyobaki kikapuni niipeleke kinuni, au niiache?"

Nikamwambia aiache. Akachukua njia yake. Nikanywa ule uji wote, na chenga zake.